Kopo la Arobaini

Khatibu kanipigia kutoka Nungwi, hotelini kwao:
"Shangazi, wageni wamechoka na mchaichai,
wamechoka na asumini.
Wanataka mishumaa inukie ulevi.
Arobaini. Ramu, wiski, na jini."

Jini?
Nikamwambia, mwanangu, hapa Wete
jini hafungwi ndani ya kopo la maziwa,
hufukizwa ubani akenda zake.
Akacheka mpaka simu ikakwaruza.
Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu:
arobaini mara elfu kumi na mbili,
na bati la jikoni linavuja.

Lakini nitaijuaje harufu
ya kitu ambacho ulimi wangu haukijui?

Nikaanza na pua.
Nikenda mikoroshoni nyuma ya skuli,
mabibo yamelala chini, yamepasuka,
nyuki wanayumba juu yake, hawajui njia ya kwao.
Nikayachota kwa kata, nikayachemsha,
nyumba nzima ikanuka uchachu na soksi.
Nikamwendea Kombo mgema. Sikumsifu,
nnajua akisifiwa hufanya nini.
Nikaomba kibuyu chake kitupu, ninuse tu.
"Na kunusa bei gani?" akauliza.
Nikamlipa mshumaa mmoja wa karafuu.

Bi Riziki wa nyumba ya pili
kasimama kizingitini, kanga puani:
"Mize, na harufu nayo haramu?"
Sijui, nikamwambia. Nta ni ya nyuki wa Ngezi,
utambi ni uzi wa pamba,
kilichobaki ni upepo.
Hakuingia. Lakini hakuondoka pia.

Wiski niliipata kwa moshi wa makumbi
na asali iliyoungua kidogo pembeni.
Jini nililipika kwa ganda la ndimu, kungumanga,
na majani fulani nisiyoyataja,
kila mtu na siri ya chungu chake.

Ramu ndiyo iliyonishinda.
Sukari guru nikaikaanga mpaka ikalia,
vanila nikaipasua, maji ya mabibo nikatia tone:
tamu, nzito, lakini haina mwenyewe.
Usiku wa tatu, umeme umekatika,
nikakosea chupa gizani.
Badala ya vanila, mafuta ya makonyo.

Na hapo akaingia.

Shaame, miaka sita hajaleta hata salamu,
Shaame wa bandarini Tanga,
aliyekuwa akisimama nje ya mlango
akitafuna karafuu tatu, nne, tano,
ndipo abishe hodi,
ndipo aseme "nimechelewa gari."
Mashati yale mimi nikiyafua, nikisugua kola,
nikijua, nikinyamaza,
sabuni ikijua, ikinyamaza.
Kumbe ulevi wote ule
nilikuwa nao vidoleni,
na mimi nahangaika mikoroshoni.

Mle chumbani mama yake,
ambaye macho yalishamwacha,
akajipindua kitandani:
"Shaame kaingia saa ngapi?
Mwambie wali umo chini ya kawa."

Nilikaa na ile sufuria
mpaka nta ikaanza kuganda ukingoni.
"Kaingia sasa hivi, mama."
"Kala?"
"Atakula."

Khatibu alipovuka kuja kuchukua maboksi
alihesabu mara mbili, kidole hewani:
"Shangazi, ni thelathini na tisa."
Mmoja umevunjika, nikamwambia.
"Mshumaa wa kopo, umevunjikaje?"

Nikamuuliza kama huko Nungwi
mvua zimeshaanza.